Nyumba Haivutwi Tupu

"Nani amekuruhusu kumwaga maji mbele ya nyumba yangu?"

"Hakuna aliyeniruhusu, Mama. Nimemwaga tu."

"Barabara nzima! Mpaka kule juu, kupita kanisa. Nafungua pazia asubuhi, naona kioo. Corliss yote sasa inajua kwamba mkwe wangu anataka kunivuta kama gogo."

"Si wewe. Nyumba."

"Na mimi niko wapi? Si niko ndani ya nyumba?"

Nilikuwa nimesimama jikoni kwa mama mkwe wangu, Bi Dagny Halvorsen, na buti zangu miguuni, jambo ambalo siku nyingine lingekuwa ugomvi wake peke yake. Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Haukufungika. Tangu Februari mlango ule haukuwa unafungika, kwa sababu pembe ya nyumba iliyoelekea mtoni ilikuwa imeanza kuzama.

Kwetu Corliss hatumwagi maji barabarani kwa kupendezesha mji. Ukimwaga jioni, usiku yanaganda, na asubuhi una njia ya barafu inayoteleza. Maana yake ni moja: kuna nyumba itavutwa, na safari hii ni kupanda mlima, juu ya kanisa, mbali na mto. Kwa hiyo watu walikuwa wameshaanza kukusanyika nje kwa glavu na vikombe vya kahawa, na walikuwa wakisikia kila neno.

"Mama, weka kitunguu mezani," nikasema.

"Sitaki vitunguu vyako."

Nilichukua kimoja kapuni nikakiweka mwenyewe. Kilibingirika, kikaanguka, kikavuka sakafu mpaka ukutani, upande wa mto. Mimi nina diploma ya ujenzi, lakini kuielewa nyumba ile hakukuhitaji diploma.

"Kila siku nakiokota," alisema Bi Dagny. "Nimeshazoea."

"Na barafu ya mto ikivunjika wiki hii, utaokota nini?"

Hapo shemeji yangu Anders, kaka mkubwa wa mume wangu, akaona ni zamu yake. Mume wangu alikuwa kambini kwenye machimbo ya juu, kwa hiyo Anders ndiye aliyekuwa mwanamume wa ukoo siku ile, na alikuwa na sura ya mtu asiyeitaka kazi hiyo.

"Mama Tilda," aliniambia, "tusiharakishe. Nimeshazungumza na watu wa mji wa Whitehorse. Kuna chumba kizuri kwenye makazi ya wazee. Mama akae kule kwanza, nyumba tutaijadili wakati wa kiangazi."

"Kiangazi kutakuwa na nyumba ya kujadili?"

"Kule wanakula saa kumi na moja wanalala saa moja, kama kuku," alisema Bi Dagny. "Siendi."

"Basi nyumba ivutwe."

"Nyumba haivutwi."

"Basi utaelea, Mama, na kitanda chako."

Nje mtu alicheka. Nadhani alikuwa Silas Joe, mwenye katapila. Ngurumo ya mashine yake ilikuwa inatetemesha vikombe kabatini tangu alfajiri, maana ukiizima kwenye baridi ile, kuiwasha tena ni kazi ya nusu siku.

Na tusiusingizie mto kosa lisilo lake. Nyumba zetu zinasimama juu ya ardhi iliyoganda, na ardhi ile inabeba nyumba maadamu imeganda. Kwa hiyo kila vuli tunafungua vidirisha vya uvungu ili baridi iingie chini ya sakafu, na kila masika tunavifunga. Mtoto wa Corliss anajua hilo kabla ya kujua kusoma. Lakini vuli iliyopita Bi Dagny alilalamika kwamba miguu inamuuma kwa baridi, na Anders, kwa kumpenda mama yake, alifunga vidirisha vyote, akashindilia pamba ya kioo ya kuzuia baridi uvunguni, kisha akarundika theluji ukutani pande zote. Miguu ya mama ikapata joto. Ardhi nayo ikapata joto.

"Nilitaka apone miguu," Anders alisema, kama vile alisikia ninachofikiri.

"Imepona," nikamwambia. "Sasa aitumie kutoka nje."

Kulikuwa na mtu wa nne jikoni. Alikuwa Bwana Prewitt wa Idara ya Mambo ya Kale, aliyetua jana yake kwa ndege ndogo, na alikuwa ameketi kwenye kona ya meza akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili ili kisihame. Kijana mpole, koti zuri, viatu vibaya. Bi Dagny alimpenda mara moja kwa sababu alikisifu kibao.

Kibao kile kilikuwa cha shaba, kimefungwa kwa skurubu kando ya mlango, na kilisema kwamba nyumba hii ilijengwa na mwoka mikate wa kwanza wa Corliss mwaka 1899, na imesimama mahali hapa tangu siku hiyo. Wageni wa kiangazi hupiga picha wakikishika. Bi Dagny alikipangusa kila Jumamosi.

"Niseme jambo moja," alisema Bwana Prewitt.

"Sema, mwanangu," alisema Bi Dagny.

"Nyumba hii imo kwenye hifadhi kwa sababu ni ya zamani, na kwa sababu haijawahi kuhama. Wakati wa dhahabu miji hii ilikuwa na nyumba mamia. Dhahabu ilipokwisha zikabomolewa, zikachomwa kuni, zikahamishwa. Hii ndiyo pekee ninayoijua iliyobaki pale ilipojengwa. Ikihamishwa, mama yangu, inabaki nyumba ya mbao tu. Kibao kinabanduliwa."

"Umesikia?" Bi Dagny aliniuliza. "Kibao kinabanduliwa."

"Mto hautakibandua, Mama. Utakibeba pamoja na skurubu na ukuta."

"Baba yangu alizaliwa chumba kile pale. Mimi nilizaliwa chumba kile kile. Mahali hapa. Sasa niwe mtu wa kwanza wa ukoo kuikimbiza nyumba kama mtu anayedaiwa?"

Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa, na nilijua. Hakuwa anaogopa kuvutwa. Mama huyu amewahi kumfukuza dubu kwa ufagio. Aliogopa kuwa yeye ndiye aliyeivunja historia. Mimi nilikuja Corliss kwa kuolewa, nikiwa na begi moja, na sikuwa na hoja ya kushindana na chumba alichozaliwa.

Binti yangu Tilda alichungulia mlangoni. Ana miaka ishirini, na ndiye aliyeburuta pampu ya maji barabara nzima jana jioni.

"Mama, Silas anasema jua likivuka paa la duka, barafu ya barabarani inalegea. Anasema yeye havuti nyumba kwenye uji."

"Mwambie asubiri."

"Nimemwambia. Anasema ukaliambie jua."

Kabla sijajibu, nyumba ilipiga kelele. Mlio mmoja mzito kutoka chini, kama mtu anavunja goti. Sakafu ikashuka. Haikushuka sana, lakini ilitosha: kikombe cha Bwana Prewitt kilimponyoka kikamwagia chai mapajani, picha zikaning'inia zimeachana na ukuta, na Anders akamkumbatia mama yake, naye akamsukuma.

"Hakuna kukanyaga upande wa mtoni," nikasema. "Tilda, tochi."

Nilikwenda uvunguni mwenyewe. Nilitaka kuona kama nguzo ya pembeni imekatika. Nilitambaa kwa tumbo upande wa barabara, ambako ardhi ilikuwa bado ngumu, nikawa ninavuta pamba ya Anders na kuitupa nje nyuma yangu. Nyuma ya pamba kulikuwa na ukoga mkavu wa msituni, ule ambao wazee walikuwa wakishindilia chini ya kuta zamani, umekaa pale tangu kabla hata ya Bi Dagny kuzaliwa. Huo nao nikaung'oa. Nguzo sikuiona.

Niliona gogo.

Lilikuwa gogo nene la msonobari, limelala urefu wote wa nyumba. Nikafikiri ni boriti ya msingi. Kisha tochi ikafika mwisho wake wa mbele. Mwisho ule ulikuwa umechongwa kwenda juu, kama pua ya mtumbwi, na kwenye pua kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu pete ya chuma iliyokula kutu. Nikapeleka mkono chini yake, pale palipokuwa na nafasi. Palikuwa laini kama mpini wa jembe la zamani. Nilipoelekeza mwanga niliona mikwaruzo, mirefu, yote imeelekea upande mmoja.

Nilicheka peke yangu mle chini, mdomo umejaa vumbi la ukoga. Kisha nikapiga sakafu kwa ngumi.

"Bwana Prewitt! Njoo huku!"

"Nimelowa chai," sauti ilijibu kutoka juu.

"Utakauka. Njoo."

Alikuja. Nitampa haki yake: alilala kifudifudi na koti lake zuri na akatambaa bila kulalamika. Nilimwelekezea tochi.

Alisogeza uso karibu. Akashika pete. Akapitisha vidole chini ya gogo kama nilivyofanya mimi.

"Hii si boriti," alisema.

"Ni nini?"

"Kuna jingine kama hili upande wa pili?"

"Lipo. Nimeiona pua yake."

"Mama Tilda," sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtoto aliyepewa mbwa, "hii nyumba ina miguu ya kuteleza. Ilijengwa juu ya miguu ya kuteleza. Tazama mikwaruzo. Ni ya mawe. Imeburutwa mbali nyumba hii, si hatua mbili tatu. Dhahabu ilipopatikana kule juu waliijenga kule, na watu walipoteremka mtoni..."

"Mwoka mikate akawafuata wateja."

"Akawafuata na nyumba." Aligonga kichwa kwenye mbao za sakafu, wala hakujali. "Na kibao chetu kinasema haijawahi kuhama. Wenzangu watanila."

Tulitoka tumechafuka kama panya. Nje watu walikuwa wamesogea mpaka ukutani, na Bi Dagny alikuwa amesimama kwenye theluji na sapatu zake za ndani, mikono kiunoni.

"Mmeona nini mnachekelea? Nyumba yangu inakufa nyinyi mnacheka uvunguni kama wachumba."

Bwana Prewitt akamweleza. Alieleza haraka mno, akitumia mikono, na Bi Dagny alimsikiliza bila kupepesa macho. Kisha akamwambia Anders atandike turubai.

"Mama, utapata baridi."

"Wewe ndiye wa kunifundisha habari za baridi? Tandika."

Alilala chini. Mama wa miaka themanini na moja, mbele ya mji mzima, akaingiza mkono uvunguni mpaka begani na kupapasa. Watu wakasogea. Hata Silas alishuka kwenye katapila.

Aliposema, alisema bado amelala, uso umeuelekea ukuta.

"Nyanya yangu alikuwa na maneno. Akitaka kutunyamazisha watoto, alikuwa akisema: 'Mnalia kwa kitu kidogo hiki, na mimi niliteremka kutoka kijito cha juu mkate ukiwa tanurini na sikuunguza.' Sisi tulidhani ni mzaha wa kizee. Nani anateremka mlima na mkate tanurini?"

"Mwenye nyumba inayotembea," nikasema.

"Nyamaza, najua." Akainuka. Anders alimshika mkono na safari hii hakumsukuma. Alikuwa na theluji kwenye nywele na mashavu yamekuwa mekundu, na macho yake sikuwahi kuyaona vile, hata siku Tilda alipozaliwa. "Bwana mdogo. Sasa sheria yako inasemaje?"

Bwana Prewitt alijipangusa magoti. "Kisheria siwezi kukuruhusu. Kamati ndiyo inaruhusu. Inakutana Juni."

"Mto haungoji kikao," nikasema.

"Najua. Nasema tu jinsi ilivyo. Lakini siwezi pia kusema tena kwamba hapa ndipo ilipojengwa, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba si hapa. Wenye nyumba ni nyinyi."

Bi Dagny akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama. "Bisibisi."

Ninayo mfukoni siku zote. Nilimpa. Alikwenda mlangoni, akaanza kufungua skurubu za kibao mwenyewe, moja baada ya nyingine, akizidondosha kwenye mfuko wa aproni. Ya mwisho ilikuwa imeshikana. Aliitukana kwa Kinorwe, ikakubali. Akampa Bwana Prewitt kibao mikononi.

"Chukua. Nimeupangusa uongo wake miaka yote hii. Ukiandika kingine, andika kwamba inatembea." Kisha akageukia barabara. "Silas! Unangoja nini? Funga waya."

Mji ulilipuka. Kila mtu alikuwa anajua pa kwenda, kama kuku walioonyeshwa mtama. Wengine walichukua majembe na kuifukua theluji ya Anders ukutani, wengine walileta jeki na mbao, Tilda akaingia uvunguni na waya wa chuma begani kabla sijamwambia. Tuliiinua pembe iliyozama kwa jeki, kidogo kidogo, tukashindilia mbao chini, mimi nimelala ubavu nikipiga kelele, juu, juu, basi, ngojea, juu. Niliangalia paa la duka. Jua lilikuwa limefika nyuma ya kilele cha paa hilo, linachungulia.

"Shemeji," nilimwambia Anders, "wewe na wenzako kaeni nyuma na yale magogo mafupi. Ikiteleza kurudi, tupeni chini yake na mruke pembeni. Unaweza?"

"Naweza."

"Usiivishe blanketi tu."

Alicheka, maskini, kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Kisha nikamwona Bi Dagny anarudi ndani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kuwasha jiko."

Kwetu nyumba haivutwi tupu. Mtu anakaa ndani, jiko linawashwa, na kila mtu nje anatazama moshi. Si ushirikina, ingawa wageni wanapenda kuamini hivyo. Nyumba ikianza kupinda, bomba la moshi ndilo linaloinama kwanza, na dereva anaona. Na aliye ndani anasikia mbao zinavyolia, akisikia mlio mbaya anapiga ukuta kwa sufuria, na katapila inasimama. Ni kazi. Inafanywa na mwenye masikio.

"Nitaingia mimi," nikasema. "Wewe utasimama na Tilda."

"Mbao hizi nimelala nazo miaka themanini. Wewe utajua ipi inalia na ipi inakoroma?"

"Na ukianguka? Na bomba likikuangukia?"

"Basi utanizika karibu, kwa maana makaburini tunapita njiani."

"Mama, sitaki utani."

"Mimi sitanii. Nyanya aliteremka nayo. Mimi niitazame ikipanda nimesimama barabarani kama mgeni wa kiangazi?"

Silas alipiga honi. Jua lilikuwa limeanza kumwagika juu ya paa. Tone la kwanza lilidondoka kutoka ukingo wa bati la duka, na nililisikia.

Ningeweza kubishana mpaka jioni. Ndiyo tabia yangu. Badala yake nilichukua sufuria mbili ukutani, nikampa moja.

"Wewe utasikiliza," nikamwambia, "mimi nitakushika."

"Vua buti basi."

"Sivui."

Alitazama buti, akanitazama mimi, akaingiza kuni jikoni. Moto ulishika. Nikatoa kichwa dirishani nikaona moshi unapanda wima, mweupe, na mji mzima umeinua nyuso. Nikapunga mkono.

Waya ulikaza. Nyumba haikusogea. Katapila ilinguruma, minyororo yake ikakwaruza barafu, na chini yetu kitu kilianza kuugua, sauti ndefu inayopanda.

"Hiyo ni nini?" nikauliza, sufuria juu.

"Hiyo ni ardhi. Haitaki kutuachia. Usipige."

Vyombo vyote vilianza kutetemeka kwa pamoja. Nilimshika kiuno kwa mkono mmoja na meza kwa mkono mwingine. Mlio ulipanda, ukapanda, mpaka nikauhisi kwenye meno.

"Mama."

"Usipige, nimesema."

Kisha ukakatika. Mshindo kama wa bunduki, nyumba ikaruka mbele kiasi cha kiganja, ikasita, na kimya kilichofuata kilikuwa cha ajabu, kwa sababu hakikuwa kimya: chini ya sakafu kulikuwa na sauti nyembamba, laini, ya mbao juu ya barafu. Nilitazama dirishani. Nguzo ya uzio ilikuwa inaondoka. Ikaondoka duka. Tilda alipita mbio, mikono juu, mdomo wazi, na nyuma yake Bwana Prewitt na viatu vyake vibaya, anaanguka, anainuka, anaanguka.

Mlima ulianza. Sakafu iliinamia nyuma, na Anders na wenzake walisikika wakiitana, gogo, gogo, sasa. Boriti ya juu ya jiko ilitoa mlio wa kuchana na mkono wangu ukaenda na sufuria, lakini Bi Dagny aliushika hewani.

"Hiyo inakoroma tu," alisema. Macho yake yalikuwa darini, kichwa kimeinama upande, miguu yake ndani ya sapatu imepanuliwa kama ya baharia. Alikuwa anatabasamu bila kujua.

"Una hakika?"

"Kimya. Nasikiliza."

Nilinyamaza. Si jambo ninalolifanya mara nyingi. Tulipita kanisa, likiwa karibu kiasi kwamba ningeweza kuligusa, na nyumba ikaendelea kupanda.